Sekunde Nane za Kimya

3 Machi 1997

Dada mpendwa,

Shikamoo. Natumaini u mzima, na wanafunzi wako wa darasa la tatu hawajaimaliza sauti yako. Mimi sijambo.

Nakuandikia kwanza kukupa namba ya simu. Baada ya kusubiri miezi kumi na minne, laini imefika ofisini. Namba nimeiandika nyuma ya bahasha kwa wino mwekundu, usiitupe.

Ofisi yenyewe unaijua kwa barua zangu: chumba kimoja, kushoto saluni, kulia duka la vitabu. Asubuhi nyingi sipo. Nakuwa kwa wateja, nimelala chali chini ya meza zao nikitafuta waya uliochomoka. Mbiu ya mgambo ikilia ina jambo, ndivyo walivyosema wahenga, lakini kwangu ingelia mpaka ichoke bila mtu wa kuuliza ni jambo gani. Mashine ya kujibu simu sina. Kompyuta ninayo, na modemu ninayo, basi nimezifunga ndoa.

Modemu ni kisanduku cheusi chenye ukubwa wa daftari la mazoezi na taa nyekundu sita mbele. Waya wa simu unatoka ukutani unaingia kwenye modemu, na waya mwingine unatoka kwenye modemu unaingia kwenye kompyuta. Programu yake imekuja kwenye diski mbili. Simu ikiita mara mbili, modemu inaipokea, kompyuta inatoa sauti yangu niliyoirekodi, halafu unasikika mlio, na maneno yote ya mpigaji yanaandikwa kwenye faili pamoja na tarehe na saa. Nikirudi nakuta orodha kwenye kioo. Kwa mtu kama mimi, uliyempa jina la Daftari tangu utotoni, ni kama kupata katibu asiyeomba ruhusa ya kwenda msibani.

Maneno niliyorekodi ni haya: "Habari. Umepiga ofisi ya kutengeneza kompyuta. Sipo kwa sasa. Baada ya mlio, taja jina, namba na tatizo lako. Asante." Nilirekodi mara tisa. Mara ya tano Mama Saluni alicheka nyuma ya ukuta, nikalazimika kuanza upya.

Kuhusu Mzee wetu sisemi kitu. Shajara yangu inasema ni miaka minne na siku kumi na tisa tangu siku ile ya chuo cha makatibu. Nilichomwambia mkuu wa chuo, mteja mkubwa wa karakana yake, kwamba taipureta zimefika mwisho wake, kilikuwa kweli. Mwezi uliofuata chuo kilipozitupa zote arobaini kama chuma chakavu, si mimi niliyezipakia kwenye lori. Lakini maneno ya Mzee mlangoni mwa karakana sijayasahau: "Nenda kaongee na hizo kompyuta zako." Basi nimekwenda, na sasa zinaongea.

Namba hii si siri. Ila usimpe asiyeiomba.

Mdogo wako,
Daftari


14 Machi 1997

Mdogo wangu Daftari,

Marahaba. Barua yako inasalimia vizuri kuliko mashine yako, na nitakuambia kwa nini.

Jana niliomba kupiga simu katika ofisi ya mwalimu mkuu. Nikamwambia ni jambo la kifamilia. Akakaa palepale na kikombe chake, kama mtu aliyekata tiketi. Simu ikaita mara mbili, nikasikia sauti yako: "Habari." Nikafurahi! Nikajibu, "Nzuri mdogo wangu, habari za huko?" Wewe unaendelea tu: umepiga ofisi, sijui nini, sipo. Nikasema, "Hupo vipi na nakusikia?" Ukasema taja jina. Nikakutajia, moyo ukiwa umeshaanza kuniuma, ndugu yangu wa tumbo moja ananiuliza jina. Kisha tiiit. Nikakuuliza hali, nikauliza kazi, nikauliza kama unakula, nikakupa salamu za majirani wote mmoja mmoja, na kabla sijafika kwenye jambo lenyewe simu ikakatika. Mwalimu mkuu akauliza, "Huyo mtu wako amesemaje?" Nikamwambia hakuna mtu. Leo nimekuta simu ya shule imetiwa kufuli.

Basi jambo lenyewe nakuandikia, na ni dogo: tuko salama.

Mzee sauti imemkauka tangu mwaka uanze. Anasema ni vumbi la raba ya zile roli za taipureta zinazoviringisha karatasi. Anaongea kama mtu anayeburuta kiti. Wateja wachache waliobaki bado wanampigia simu, wanagonga herufi karibu na mkonga, naye anasikiliza na kuwaambia kilichoharibika. Bado ni yule yule Fundi Sikio. Ila kengele ya simu ya karakana imekufa tangu wiki iliyopita: tunaweza kupiga, lakini tukipigiwa hatusikii. Nikamwambia aifungue. Akasema kengele ya simu si kazi yake, yeye ni fundi wa taipureta. Unamjua.

Namba yako sikumpa mtu. Niliibandika tu ukutani, juu ya simu. Mwenye macho haambiwi tazama.

Ule vizuri.

Dada yako


2 Aprili 1997

Dada mpendwa,

Shikamoo. Nimecheka mpaka Mama Saluni akagonga ukuta. Ujumbe wako ninao. Umemtaja hadi kinyozi.

Nisamehe kwa kukatika. Nilikuwa nimeweka dakika mbili kwa kila mpigaji, nikidhani zinatosha. Sikuhesabu salamu.

Nakupa taarifa ya mwezi, nimeinakili kutoka kwenye shajara. Tangu tarehe 3 Machi nimepata simu 31 nikiwa sipo. Zenye maana, 22. Waliosema "Haloo? Haloo?" na kukata, 4. Aliyeimba, 1, mwenye duka la vitabu, akijaribu mashine baada ya kuniona natoka. Na zisizo na neno hata moja, 4. Hizo nne ndizo zinazonisumbua, maana zina utaratibu:

Jumanne 18 Machi, saa nne na dakika kumi asubuhi. Kimya, dakika mbili.
Alhamisi 20 Machi, saa nne na dakika kumi. Kimya.
Jumanne 25, saa ile ile. Kimya.
Alhamisi 27, saa ile ile. Kimya.

Mtu huyo hakati simu. Anangoja mpaka dakika mbili ziishe. Nilisikiliza mwanzo wa ujumbe wa kwanza tu, nikasikia kama pumzi, nikaufuta. Nyingine nikazifuta bila kusikiliza. Diski yangu ni ndogo, dada, na kimya kinajaza nafasi sawasawa na maneno.

Lakini leo nimepata dawa. Ndani ya programu kuna mahali pa kuweka kikomo cha kimya. Nimeweka sekunde nane. Mpigaji akinyamaza sekunde nane, modemu inakata yenyewe. Nimejaribu kutoka kwenye simu ya duka la vitabu: nimenyamaza, nikahesabu moja mpaka nane, tap! Imenikatia bila aibu. Nimejisikia kama bwana mkubwa mwenye mlinzi getini.

Mzee anywe maji ya moto na apanguse zile roli kwa kitambaa kibichi, vumbi lisiruke. Usimwambie limetoka kwangu.

Daftari


11 Aprili 1997

Mdogo wangu,

Salamu nimezipokea. Leo sina mzaha.

Nani kakufundisha kumkatia mtu mzima simu?

Jana saa nne na robo nilipita karakana kumpelekea Baba dawa yake. Nilimkuta amesimama, mkonga uko mkononi, anautazama. Nikamuuliza kuna nini. Akasema, kwa ile sauti yake ya kuburuta kiti, "Amenikatia." Nikauliza nani. Akaelekeza kidole ukutani, kwenye namba yako. "Mara ya tatu sasa. Mwanzo alikuwa ananisikiliza tu bila kusema. Sasa ananikatia."

Barua yako ya sekunde nane ilikuwa kwenye mkoba wangu, nimeipokea asubuhi hiyo hiyo. Nikaketi juu ya kasha la vipuri nikamweleza: Baba, si yeye, ni mashine, ukinyamaza inakata. Akauliza, "Sasa kwa nini inaongea kwa sauti yake?" Nikamwambia ameirekodi. Akauliza, "Na alipoirekodi hakujua kwamba naweza kupiga?"

Hapo ungejibu wewe.

Nikamuuliza, "Baba, mbona na wewe hukusema neno?" Akaniangalia kama nimemwuliza kwa nini anavaa viatu. Akasema, "Nimepiga simu kwa mwanangu. Mwanangu amefungua mdomo ameniambia 'Habari', kama mtu anayeniuzia kitu. Nimengoja anisalimie. Sijasalimiwa. Nianzie wapi?"

Unacheka? Mimi nililia. Miaka minne mzee huyu hajatamka jina lako. Siku alipokata shauri, alisimama mbele ya simu dakika mbili nzima, mara nne, anangoja shikamoo.

Sasa nisikilize vizuri. Kuna jambo anataka kukuambia kwa mdomo wake mwenyewe. Mimi nalijua, na nimeapishwa nisilitoe. Nimeapa, sitavunja. Lakini kukuambia tarehe sikuapishwa: ni Jumatatu tarehe 28 Aprili. Baada ya siku hiyo, hata akitaka kukuambia hataweza.

Amesema atapiga mara moja tu tena: Jumanne tarehe 22, saa ile ile. Usiniulize kwa nini siku hiyo. Huyo ni yeye na kalenda yake. Ulifikiri ushajara wako uliupata kwa nani?

Simu ya shule ina kufuli, na ya karakana yeye hatoki karibu nayo. Naomba posta isichelewe.

Dada yako


20 Aprili 1997, Jumapili

Dada,

Shikamoo. Barua yako imefika jana saa sita mchana. Hii itakufikia Jumanne ikiwa imepita, lakini naandika kwa sababu mikono haitulii.

Nilizifuta. Zile nne zote nilizifuta. Za mwezi huu, mbili nilizifuta pia. Moja tu nilisahau, ya Alhamisi tarehe 10. Ina urefu wa sekunde nane.

Nimeisikiliza jana mchana kutwa. Mara ya kwanza nilisikia pumzi. Mara ya pili nikavaa vipokea sauti, nikafunga dirisha, nikamwomba Mama Saluni azime mashine yake ya kukaushia nywele. Nyuma ya pumzi kuna kidole kinagonga taipureta, taratibu, bila kuandika kitu, kama anavyofanya Baba akingoja mteja aamue. Ka. Ka. Ka. Kisha, ka-aa, herufi moja inachelewa kurudi mahali pake. Kisha kengele ya mwisho wa mstari. Programu ilihesabu yote hayo kuwa ni kimya.

Ni ile ya kijivu, Dada. Ile iliyokuwa juu ya meza yangu karakana, yenye mkono wa herufi unaojikokota. Baba alinipa niitengeneze wiki ile ya ugomvi, nikaondoka sijaimaliza. Miaka minne hajaigusa, ameiacha inajikokota.

Nimefanya haya. Kikomo cha kimya nimekitoa kabisa. Mtu akinyamaza mpaka jioni, na anyamaze. Muda wa ujumbe nimeufungua mpaka diski ijae. Ili isijae, nimefuta michezo yote, picha zote, na programu tatu ambazo nilizitafuta mwaka mzima. Na salamu nimeirekodi upya. Safari hii nilirekodi mara moja tu:

"Shikamoo Baba. Ni mimi. Sema taratibu, mimi nasikiliza. Haitakatika."

Leo Jumapili ameshapiga mteja mmoja, dereva wa lori aliyeniletea kompyuta ya bosi wake. Ujumbe wake ni huu: "Marahaba mwanangu, ingawa nadhani tunalingana. Ile kompyuta iko tayari?" Mwenye duka la vitabu naye amepiga makusudi, amejibu "Marahaba, umekua siku hizi," na amepata cha kunitania mwaka mzima. Na wanitanie.

Jumanne sitoki. Nitakaa hapa mbele ya simu tangu saa mbili.

Dada, tarehe 28 kuna nini?

Daftari


SIMU YA MAANDISHI
22 Aprili 1997, saa tisa alasiri

DAKTARI AMESOGEZA SIKU. NI ALHAMISI 24. NJOO. DADA


19 Mei 1997

Baba,

Shikamoo.

Hii ni barua ya kwanza kukuandikia maishani. Nimeianza mara sita kwenye shajara kabla ya kuihamishia hapa. Dada anasema kidonda cha shingo kinafunga vizuri na kwamba unakula uji mwenyewe, na kwamba umemfukuza muuguzi aliyetaka kukushikia kijiko. Nilifurahi kusikia.

Kuna jambo sikukuambia hospitalini. Nilifika Ijumaa, upasuaji ulikuwa umekwisha jana yake, na ulikuwa na mirija. Uliandika kwenye kile kibao cha Dada cha darasani, "Ulisikia?" Nikatikisa kichwa kwamba ndiyo. Ukaandika, "Uliporudi?" Hapo tena nikatikisa kichwa. Huo ndio uongo wangu. Sikurudi kutoka popote. Nilikuwepo.

Nakueleza kama ilivyo kwenye shajara. Jumanne tarehe 22 nilikaa mbele ya simu tangu saa mbili. Nilikuwa nimeamua kwamba ikiita nitainua mwenyewe kabla ya modemu. Saa nne na dakika kumi ikaita. Sikuinua. Ikaita mara ya pili, taa zikawaka, sauti yangu ikakusalimia, mlio ukalia. Kisha ukasema, "Marahaba."

Sikuitambua. Dada aliandika kwamba sauti imekauka, lakini sikuwa tayari. Nilidhani ni mtu mwingine anajibu kwa niaba yako. Ukasema, "Ni mimi. Usishangae." Ndipo ukasema kwamba siku ya Jumatatu watakitoa kisanduku cha sauti kooni, kwamba kuna uvimbe, na kwamba hutaki nikuhurumie kwenye simu. Nilishika mkonga. Lakini nilijua nikiuinua, programu itaacha kurekodi, na yatakayosemwa yatapotea kama zile jumbe nne nilizozifuta. Hiyo ndiyo sababu niliyojiambia. Sababu nyingine ni kwamba niliogopa. Kwa mashine ulikuwa unasema. Sikujua kama kwangu ungeendelea.

Basi nikakaa nikakusikia kwenye spika, dakika kumi na moja, na nilikuwa nakujibu. Hukunisikia, lakini nilikuwa nakujibu. Mama Saluni ni shahidi.

Uliposema, "Ulichomwambia yule mkuu wa chuo kilikuwa kweli, nilikijua kabla yako. Kilichoniuma ni kwamba ulimwambia mteja kabla ya kuniambia mimi," nilisema: ni kweli, Baba. Nilisema kwa sauti, kwenye chumba kitupu. Sasa naandika, ili ikufikie: ni kweli. Nilikosa. Ningekuambia wewe kwanza, tena tukiwa wawili, mlango umefungwa. Nisamehe.

Kisha ukasema, "Nina mashine sita hapa mezani. Hakuna mwingine wa kumwachia sikio langu. Sikiliza." Ukaanza kugonga.

Ya kwanza, kabla hujasema, nikasema: springi ya kigari kinachosogeza karatasi imelegea. Ukasema, "Springi ya kigari imelegea." Baba, niliruka kwenye kiti.

Ya pili nikasema roli imekuwa ngumu kama mfupa. Ukasema ni roli. Ya tatu, skrubu ya kitufe cha nafasi. Ya nne, herufi mbili zinagombania njia. Ya tano, kengele inalia imechelewa. Zote tano nilipata, peke yangu, nikipiga meza kama mtu anayetazama mpira. Mwenye duka la vitabu alichungulia mlangoni akauliza nani amefunga goli.

Kwenye ya sita ukagonga kwa muda mrefu kuliko zote. Mistari mitatu. Kengele tatu. Kisha ukasema, "Hii ya sita utaniambia wewe." Ukakohoa, ukaweka mkonga chini. Ndiyo maneno ya mwisho niliyo nayo.

Niliikosa, Baba. Sikusikia kasoro. Nikadhani sikio langu limeziba kwa fani ya kompyuta. Nilipiga karakana mara nne, nikasahau kwamba simu yako haiiti. Saa nane nikapanda basi bila kupata jibu, likakwama njiani kwenye matope siku mbili, na simu ya maandishi ya Dada ikanikuta nimeshaondoka.

Tangu nirudi nimeisikiliza ile ya sita kila asubuhi kabla ya kazi. Jana, bila sababu, nikaiweka karibu na zile sekunde nane za tarehe 10, moja baada ya nyingine. Ka. Ka. Ka-aa, kengele. Kisha ile nyingine: ka, ka, ka, kengele.

Ni mashine moja. Ni ile ya kijivu, na kengele yake ni ile ile. Jibu langu ni hili: ya sita haina kasoro. Uliitengeneza kati ya tarehe 10 na tarehe 22. Uliifanya kazi niliyoiacha mezani.

Niambie kama nimepata.

Jambo jingine ni la kazi. Nina kompyuta moja ya zamani na modemu ya ziada. Nikija mwezi ujao nizilete, nizifunge karakana. Wateja wakipiga, sauti yako mwenyewe iwajibu. Ninayo hapa, safi, naweza kukata kipande: "Marahaba. Ni mimi." Wataacha tatizo lao na mgongano wa herufi zao, wewe utasikiliza na kuwaandikia majibu. Hakuna atakayejua.

Mwanao


2 Juni 1997

Mwanangu,

Marahaba.

Umepata.

Barua hii naipiga kwa ile ya kijivu. Tazama mistari yake, hakuna herufi iliyochelewa. Usijisifu sana: ya nne hukusema ni herufi zipi mbili. Fundi hasemi "mbili", anazitaja. Rudia kusikiliza.

Kuhusu kwamba ulikuwepo na hukuinua simu. Nilikasirika. Dada yako alikuwa hapa, anasema ni dakika tano kwa saa ya ukutani. Kisha nikakumbuka kwamba mimi nilipiga mara saba, mdomo ninao, sauti ninayo, sikusema neno. Nilingoja salamu kutoka kwenye kisanduku. Tumetoshana. Msamaha umepita, usiuandike tena, unapoteza karatasi.

Kompyuta lete. Nimesema miaka minne kwamba haiingii humu, na sasa nasema lete, na wewe usicheke ukiwa mlangoni. Iwekwe kwenye meza yako, ile ya kijivu ikae kwangu. Wateja waache milio yao, mimi nitaisikiliza. Hilo ni jambo zuri, na ningelifikiria mwenyewe kama ungeniambia kabla ya mkuu wa chuo.

Lakini sauti yangu usiwawekee wateja. Weka ya dada yako, wanafunzi na walimu wote wanamwogopa, na wateja wataogopa. Ile sauti uliyo nayo sikuitoa kwa ajili ya dukani. Ilikuwa imebaki kidogo, nikaangalia nimpe nani, nikakupa wewe. Ikae huko huko kwako. Usiifute kwa kutafuta nafasi.

Simu ya karakana sasa inaita. Niliifungua juzi. Kengele yake ilikuwa imepasuka, nikaweka kengele ya taipureta, moja ya zile za chuo, nilikwenda kuiokota mwenyewe kwenye lundo la chuma. Ni ndogo lakini inasikika. Nilikuwa nimesema si kazi yangu. Nilikosea, ni kengele kama kengele nyingine.

Kwa hiyo nipigie. Jumanne, saa nne na dakika kumi. Nitainua mimi mwenyewe, usingoje sauti. Sema salamu yako kama mtoto aliyelelewa. Kisha nyamaza usikilize, hata zikipita sekunde nane.

Ukisikia kengele moja ya ile ya kijivu, hiyo ni marahaba, endelea kusema. Ukisikia mbili, nina mteja, piga baadaye.

Baba yako,
Fundi Sikio